Shea bata ghafi au mafuta ya mise? Ulinganisho kwa ngozi ya kiangazi cha Kigoma

Julai iliyopita nilikuwa nikipaka mguu wa kushoto shea bata ghafi (mafuta ya kokwa za mti wa shea, yasiyosafishwa kiwandani) na wa kulia mafuta ya mise (ya kokwa za chikichi), kila jioni baada ya kuoga, wiki tatu mfululizo. Swali la mafuta haya naulizwa karibu kila wiki na wadogo zangu, na majirani wa hapa Gungu, na akina mama ninaokutana nao sokoni Mwanga: hii shea inayosifiwa kwenye simu ina nini ambacho mise yetu haina? Nilichoka kujibu kwa kubahatisha. Na Julai ndiyo mwezi wa kuipima ngozi huku kwetu. Mvua imeshakata tangu Mei, alfajiri kuna baridi, mchana unapita upepo mkavu, na ukijikuna kidogo tu unabaki mstari mweupe ngozini kama uliochorwa kwa chaki.

Jibu nalitoa mapema kwa asiye na muda. Kwa ngozi iliyokauka sana au iliyopasuka, shea ghafi ya kweli inaishinda mise. Kwa kupaka mwili mzima kila siku, kama ngozi yako haina tatizo, sioni sababu ya kuiacha mise. Na kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, mimi ningeyaacha yote mawili nikachukua mafuta ya mgando (aina ya Vaseline) yasiyo na manukato. Lakini hapo kwenye "ya kweli" ndipo fedha za watu zinapopotelea, kwa hiyo nitapakalia kwa muda.

Mafuta haya ni ya nini hasa

Mise hatuhitaji kuelezwa sana. Mchikichi mmoja unatoa mafuta mawili: nyama ya nje ya chikichi ndiyo mawese mekundu ya mboga, na kokwa iliyomo ndani ya gamba gumu ndiyo mise. Shangazi yangu wa Ujiji bado anaitoa kwa njia ya zamani. Anazigonga kokwa juu ya jiwe, anazikaanga mpaka ziwe nyeusi, anazitwanga, anazichemsha na maji, kisha anaengua mafuta yanayoelea. Mise ya namna hiyo ni ya kahawia iliyokolea na ina harufu ya kuungua ambayo mtu wa Kigoma anaitambua akiwa mlangoni. Ya mashine ni nyepesi zaidi kwa rangi na kwa harufu.

Shea haitoki kwetu. Mti wake unaota wenyewe kwenye ukanda mkavu unaoanzia Senegali, ukapita Mali, Burkina Faso, Ghana, Benin na Nigeria, hadi Sudani Kusini na kaskazini mwa Uganda. Unachukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza, ndiyo maana shea nyingi haitoki kwenye mashamba ya kupandwa bali wanawake huokota tunda lililoanguka chini. Nikisoma jinsi wanavyoitengeneza namwona shangazi yuleyule: kokwa inachemshwa, inakaushwa, inapasuliwa, inakaangwa, inasagwa, kisha rojo linakandwa kwa mikono pamoja na maji mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu. Ile harufu ya karanga na moshi kwenye shea ghafi inatokana na kule kukaangwa. Shea nyingi inayouzwa nje ya nchi hizo haifiki hata kwenye ngozi ya mtu, inaishia kwenye viwanda vya chokoleti.

Neno "ghafi" maana yake ni kwamba mafuta yamechujwa uchafu tu. Iliyosafishwa imepitishwa kiwandani ikaondolewa rangi na harufu, ikawa nyeupe kama samli iliyoganda, isiyonukia chochote. Katika kusafishwa huko sehemu ya vitu vinavyoitofautisha shea na mafuta mengine hupungua. Hata hivyo iliyosafishwa si mbaya. Mtu ambaye harufu ya moshi inamletea kichefuchefu, au mwenye pumu ya kifua inayochokozwa na harufu, aichukue bila wasiwasi. Inalainisha ngozi vizuri tu.

Mguu wa kushoto na mguu wa kulia

Tofauti ya kwanza niliiona kabla hata ya kupaka. Asubuhi za Julai chupa yangu ya mise ilikuwa imeganda, nyeupe chini na nzito juu, ikabidi niiweke dirishani ipate jua. Ikishafika kama nyuzi 27 hivi inakuwa maji kabisa. Shea haigandi na kuyeyuka hovyo namna hiyo. Inakaa imeganda siku nzima, unaikwangua kwa ukucha au kijiko, halafu inayeyuka ikikutana na joto la mwili, kwenye nyuzi 32 hadi 37. Nilikuwa nachukua kipande cha ukubwa wa punje ya haragwe, nakisugua viganjani mpaka kilainike, ndipo napaka. Anayeichota kama mafuta ya kawaida ataishia kung'aa kama amemwagikiwa na mchuzi, na mashuka yatashika madoa.

Siku tatu za mwanzo mguu wa mise ndio uliopendeza. Uling'aa mara moja, mafuta yakasambaa bila kuvutana, ngozi ikaonekana imeshiba. Mguu wa shea ulikuwa mzito, unateleza, na unanuka moshi kidogo. Ningeishia hapo ningeandika kwamba mise imeshinda.

Kuanzia siku ya nne nikaanza kuangalia asubuhi badala ya jioni, na hapo mambo yakageuka. Mguu wa mise ulikuwa unaamka umeshaanza kupauka kwenye goko. Mguu wa shea ulikuwa bado laini, na ule mstari wa chaki haukuonekana nikiukwaruza. Mwisho wa wiki ya tatu tofauti kubwa ilikuwa kwenye visigino. Nilikuwa na magaga pande zote mbili, na mipasuko miwili ya kisigino cha kushoto ilikuwa imefunga. Ya kulia ilikuwa imelainika, ila bado inauma nikikanyaga changarawe pekupeku. Kwenye mikono na tumbo, nilikojaribu baadaye, sikuona tofauti yoyote ya maana. Ngozi ya huko haikuwa na shida tangu mwanzo, na ngozi isiyo na shida inaridhika na mafuta yoyote safi.

Sababu iko ndani ya mafuta yenyewe. Karibu nusu ya mise ni asidi ya lauriki, ileile iliyojaa kwenye nazi. Ndiyo inayoifanya mise itoe sabuni yenye povu zito, na ndiyo inayoyafanya mafuta yawe mepesi. Sehemu kubwa ya shea ni asidi ya steariki na asidi ya oleiki, na steariki ni nzito, inakaa juu ya ngozi na kuyazuia maji yasitoke. Halafu kuna jambo ambalo mtengeneza sabuni ataliona upesi kuliko mwingine. Ukiyachanganya mafuta na magadi yakawa sabuni, kuna sehemu ndogo inayokataa kugeuka. Kwenye mise sehemu hiyo haifiki hata asilimia 1. Kwenye shea ghafi mara nyingi ni kati ya asilimia 4 na 10. Humo ndimo zilimo vitamini E na viambata vinavyosaidia kutuliza ngozi yenye muwasho, na baadhi ya hivyo ndivyo vinavyopungua shea ikisafishwa sana.

Kuna msaada mmoja zaidi ambao nauandika ili nisiipendelee shea: nilipaka ngozi ikiwa bado na unyevu, dakika mbili tatu baada ya kujifuta kidogo. Miguu yote miwili niliifanyia hivyohivyo. Mafuta hayaongezi maji mwilini, yanayafungia yaliyopo. Ukisubiri mpaka ukauke, uvae, uteke maji, ndipo ukumbuke kupaka, basi hata shea ya bei ghali itafungia ukavu.

Shea ya kweli na ya kuigiza

Kopo langu la kwanza la shea lilikuwa hasara tupu. Nililinunua duka moja la vipodozi hapa mjini, muuzaji akaniapia kwamba ni ghafi kutoka Ghana. Lilikuwa la njano kama kiini cha yai na linanukia waridi. Nilipolipaka likapotea ngozini kwa dakika mbili kama losheni, na nikafurahi, nikidhani ndiyo ubora wenyewe. Nyumbani nikachukua kijiko kimoja, nikakiweka kwenye glasi, glasi nikaisimamisha kwenye sufuria ya maji ya moto. Shea safi inayeyuka ikawa mafuta ya njano hafifu, angavu, labda na vumbi kidogo chini. Ile yangu ilibaki na ukungu kama uji, na ilipopoa kulikuwa na maji chini ya glasi. Mafuta matupu hayana maji. Nilikuwa nimeuziwa krimu ndani ya kopo la shea.

Tangu siku hiyo naangalia mambo machache, na rangi ndiyo ya kwanza. Shea ghafi ni rangi ya pembe ya ndovu, kijivu cheupe au njano hafifu. Njano kali inaweza kuwa imetiwa mzizi wa kuipa rangi kama wanavyofanya baadhi ya watengenezaji huko Afrika Magharibi, jambo lisilodhuru, au imechanganywa na mafuta mengine, na dukani huwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Harufu iwe ya karanga na moshi. Ikinuka kama karanga zilizooza au rangi ya kupaka ukuta, imeshachacha, iache. Ikinukia maua, imetiwa manukato.

Kisha soma kopo. Kwenye orodha ya viungo jina rasmi la shea ni Butyrospermum parkii, na viungo hupangwa kwa wingi, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona orodha inaanza na aqua, hayo ni maji. Ikianza na paraffinum liquidum au petrolatum, umeshika mafuta ya madini yaliyoonjeshwa shea. Shea ghafi halisi ina kiungo kimoja tu. Na kwa sisi tunaopakana na Burundi na Kongo, usikimbie kopo lenye maandishi ya Kifaransa: karité ndiyo hiyohiyo shea, na brut au non raffiné maana yake ghafi.

Kuna aina ya Uganda inayowachanganya watu. Shea ya kaskazini mwa Uganda, ambayo Waacholi na Walango huipikia pia, ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa sababu ina oleiki nyingi na steariki pungufu. Mtu aliyezoea ya Ghana akiikuta inateleza kwenye kopo atasema imechakachuliwa. Siyo. Kwa kupaka mwilini mimi naipenda zaidi hiyo, inasambaa bila kuvuta ngozi. Kwa visigino nachukua ile ngumu.

Na ikitokea shea yako imekuwa na chembechembe kama sukari, haijaharibika. Mimi niliipeleka Tabora kwa treni, ikayeyuka ndani ya begi, ikaganda tena polepole usiku, nikaikuta ina chenga. Iyeyushe kwa moto mdogo, kisha iweke penye baridi igande haraka, chenga zinaondoka. Kinachoharibu shea ni maji na vidole vilivyolowa. Chota kwa kijiko kikavu, funika, weka mbali na jua.

Vipi mgando, nazi na mawese?

Mafuta ya mgando yanadharauliwa bure. Hayana vitamini wala harufu ya kijijini, lakini hakuna mafuta kati ya haya yanayoyazuia maji ya ngozi kutoka kama yanavyofanya yenyewe, na ni nadra sana mtu kuyakataa mwilini. Ndiyo maana kwa pumu ya ngozi ningeanzia hapo, kopo lisilo na manukato, kabla ya kujaribu kitu kinachotokana na kokwa. Mzio wa shea ni nadra, ila upo uwezekano kwa kila kitu cha asili. Paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku mbili, uone. Kama mtoto ana vidonda au ngozi inatoa maji, hilo ni la kituo cha afya, si la kopo lolote.

Nazi iko karibu sana na mise kwa ndani, tofauti kubwa ni harufu na kwamba kwetu inatoka mbali. Ukiwa na mise safi ya mashine huhitaji kununua nazi. Mawese yaache jikoni. Yana rangi inayotokana na karotini nyingi na yatapaka nguo zako zote.

Kwa uso, mwenye chunusi aikwepe mise. Mafuta ya lauriki yanaziba vinyweleo vya watu wengi. Shea inavumilika zaidi, kwa kiasi kidogo, ila kama ngozi yako ina mafuta ya kutosha yenyewe, hulazimiki kuongeza. Kwa nywele, mise ni nzuri kabla ya kuosha na shea kwenye ncha baada ya kuosha. Nywele si somo langu leo.

Kwa kichanga: paka mwili ukitaka, kwa kiasi kidogo, lakini usiguse kitovu kwa mise, shea wala kitu kingine ambacho mhudumu wa afya hajakuelekeza. Kitovu kinatakiwa kiwe kikavu na kisafi. Najua bibi zetu walipaka, na najua pia watoto wangapi walipelekwa hospitali na kitovu kilichooza.

Ambayo shea haifanyi

Haifuti michirizi ya uzazi. Italainisha ngozi ya tumbo na kupunguza kuwasha inapovutika, na hilo ni jema, lakini michirizi inafifia kwa muda wake yenyewe.

Haikingi jua. Utasikia kwamba ina kinga ya asili, na ni kweli kuna viambata vyake vinavyonasa sehemu ndogo ya mionzi, lakini ni kinga ndogo isiyotosha hata kwenda kisimani na kurudi. Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu mikoa yetu ina ndugu wenye ualbino, na mzazi akimpaka mtoto shea akamwacha acheze mchana kutwa akidhani amemkinga, saratani ya ngozi haitamsubiri. Mtoto huyo anahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kweli ya kukinga jua. Kuna inayotengenezwa hapahapa nchini, kwenye hospitali ya KCMC Moshi, iitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia hospitali ya mkoa au chama cha watu wenye ualbino kilicho karibu nawe.

Na haing'arishi. Kopo lolote linalojiita shea ya kung'arisha, ya kutoa weusi kwa siku saba, limebeba kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni haidrokwinoni, zebaki au dawa za steroidi. Vipodozi vyenye viambata sumu vya namna hiyo vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 kazi ya kuvisimamia iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dada yangu mpendwa unayesoma haya, hapo usijaribu hata mara moja.

Ungekuwa wewe, ningekununulia nini

Ukiwa Kigoma, mwili wako mzima na watoto wakubwa: mise ya mashine, iliyo safi na isiyo na harufu ya kuchacha. Iko mlangoni na fedha inabaki kwa mama aliyeigonga. Shea inasafiri kutoka mbali, na kopo dogo linaweza kugharimu kuliko chupa nzima ya mise, kwa hiyo nunua gramu 100 tu na uziweke kwa ajili ya visigino, viwiko, magoti na midomo, kuanzia Juni hadi mvua za kwanza. Kopo langu la kiasi hicho lilitosha kiangazi kizima.

Ukiwa Tabora kuna njia ya tatu, na mimi naithamini kuliko zote mbili: mise na nta. Nta ya nyuki iko tele kwa warina asali wa Sikonge, Urambo na Kaliua, na inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo hata joto la Oktoba haliigusi. Ndicho kitu ambacho mise imekosa, uzito wa kukaa juu ya ngozi. Chukua vijiko vinne vya mise na kijiko kimoja cha nta iliyokwanguliwa. Weka kwenye bakuli la bati, bakuli liwe ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, usiweke moja kwa moja juu ya mkaa kwa sababu nta inashika moto. Koroga mpaka nta iishe, chuja kwa kitambaa safi, mimina kwenye kopo kavu. Shangazi nilimpelekea kopo la namna hiyo na kopo la shea, nikampigia shikamoo nikaketi nimwone akichagua. Shea aliinusa akasema, "Mwanangu, hii inanuka moshi kama yangu tu, kwa nini umeifuata mbali?" Akapaka la nta visiginoni na kulifunga kwenye kitenge chake.

Likitoka gumu mno, lirudishe kwenye maji ya moto uongeze nusu kijiko cha mise. Likiwa laini, ongeza nta kidogo. Dondosha tone kwenye sahani baridi kabla hujamimina lote, uone limeganda vipi.